Kontabilite haina neno

Karatasi 9 za kuwauliza wafanyakazi kama wameridhika na kazi zilitoka kontabilite, yaani idara ya uhasibu, na zote 9 zilikuwa na alama kwenye kisanduku kilekile: nimeridhika sana. Wino mmoja wa buluu, na alama imevutwa namna moja, kana kwamba kalamu ilizunguka mezani kutoka mkono hadi mkono. Zilikuja katika bahasha iliyofungwa vizuri, nayo bahasha ililetwa na mkuu wa idara mwenyewe, mama wa makamo ambaye katika miaka yangu yote pale sikuwahi kumwona akichelewa hata dakika tano.

"RH, zetu ni hizi. Kontabilite haina neno."

RH ni mimi, msimamizi wa wafanyakazi. Nilizipokea kwa shukrani. Nikajumlisha, nikachora jedwali, nikampelekea DG, mkurugenzi mkuu. Kisa ninachoandika hapa ni cha namna jedwali hilo lilivyokuwa uongo mtupu, ingawa kila namba ndani yake ilikuwa sahihi.

Kampuni ilikuwa ya usafirishaji na kuondosha mizigo. Jina lake nalihifadhi. Tuliachana kwa wema. Yadi ilikuwa Lubumbashi, Congo, upande wa Kampemba, na kibanda cha kazi kilikuwa Kasumbalesa, kilomita 90 hivi kusini, pale malori yanapopanga foleni kuingia na kutoka Zambia. Tulileta salfa, chokaa na vipuri vya migodi. Tulipeleka shaba Dar es Salaam na Durban. Ni kazi ambayo nusu ya mji huu unaifanya au ina ndugu anayeifanya. Kulikuwa na idara nne. Kontabilite ilikaa ghorofani, yenye kiyoyozi na jenereta ya kuikinga umeme unapokatika. Garaje ilikuwa nyuma ya yadi. Watu wa duane, yaani mawakala wa forodha, waligawanyika kati ya mjini na mpakani. Halafu kulikuwa na depo, ambako magunia yanashushwa na kupakiwa.

DG hakuniomba utafiti kwa kupenda elimu. Alikuwa amechoshwa na watu wa duane. Kila Jumatatu asubuhi kulikuwa na mkutano wa idara zote, na kila Jumatatu wao ndio waliotangulia kunyoosha mkono. Mtandao wa Sydonia, ule wa kompyuta za forodha, umekatika siku nzima, lori limelala mpakani, mteja anapiga kelele. Inite za simu, yaani salio, hazitoshi. Nyumba ya kulala Kasumbalesa inavuja. Mtu wa ofisi amewapa faktura, yaani ankara, yenye uzito usiolingana na karatasi ya mizigo, na faini ikaangukia kwao. Walisema hadharani, mbele ya idara iliyohusika, na wakati mwingine walisema vibaya. Garaje nayo ilikuwa na maneno, ila machache zaidi. Depo ilikuwa kimya. Kontabilite ilikuwa kimya na tabasamu.

"Kwa nini hawa wasiwe kama wale?" DG aliniuliza, akionyesha ghorofani kwa kidole. Swali hilo ndilo lililozaa karatasi zangu, na jedwali likalijibu kama alivyotaka: kontabilite juu kabisa, garaje katikati, duane chini kabisa. Depo zilirudi karatasi 4 tu. Sikushangaa. Nitaeleza kwa nini sikushangaa, na aibu yake ni yangu.

Karatasi hazikuwa na majina. Lakini mwandiko una jina, na bahasha iliyokusanywa na mkubwa wako ina jina kuliko mwandiko. Hilo ningelijua siku ileile kama ningetaka kulijua.

*

Lililonizindua ni barua ya maombi. Katika miezi mitatu baada ya jedwali langu, watu wawili wa kontabilite waliacha kazi, wote wakiandika "sababu za kifamilia", maneno ambayo RH yeyote anajua maana yake ni kwamba sababu haisemeki. Nilisikitika, nikatafuta wengine. Kisha kijana wa tatu akaleta barua. Hakuwa anaacha. Alikuwa anaomba ahamishiwe duane, Kasumbalesa.

Asiyepajua Kasumbalesa hawezi kuona ajabu ya barua ile. Ni vumbi kiangazi, ni tope masika, ni honi za malori usiku kucha, ni kulala mbali na nyumbani siku tano kati ya saba. Mshahara wa duane ulikuwa chini ya ule wa kontabilite. Na idara ile ndiyo iliyokuwa chini kabisa kwenye jedwali langu la furaha. Nani anaacha kiyoyozi aende kule?

Nilimwita. Sikumketisha ofisini, tulienda kula bukari, yaani ugali, kwa mama mmoja nje ya geti, kwa sababu mtu akiwa na tonge mkononi huwa hasemi Kifaransa cha ofisi. Alikawia. Alizungumza juu ya mpira, juu ya bei ya unga. Mwishowe akasema:

"Papa, kule ukikosa banakugombeza, inaisha. Huku ukikosa, banakunyamazia."

Nikamuuliza kunyamaziwa ni kufanywaje. Akanieleza utaratibu ambao mimi, RH, niliyekuwa natia saini orodha ya mishahara, nilikuwa nauona kila mwezi bila kuusoma. Kontabilite kulikuwa na manka. Yeyote anayefanya kazi ya fedha mji huu anajua neno hilo: pesa ikipungua, aliyekuwa zamu anairudisha. Kwa mtunza kasa, yaani sanduku la fedha, ni desturi ya zamani, na hata yeye akiichukia anaielewa. Ila pale manka ilikuwa imepanda ngazi, ikatoka kwenye kasa ikaingia kwenye kila kosa. Umelipa faktura mara mbili, unakatwa. Umechelewesha malipo, mteja akatoza riba, unakatwa. Hakuna barua. Unaitwa, mlango unafungwa, mnakubaliana miezi mingapi. Mwisho wa mwezi jina lako linasomwa kwenye kikao cha idara, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayesoma hali ya hewa. Baada ya hapo, kwa wiki mbili au tatu, hakuna anayekaa karibu nawe. Hawakuchukii. Wanaogopa kosa lako lisiwe na mkia unaowagusa wao.

Matokeo yake yalikuwa rahisi kuyatabiri, na bado hatukuyatabiri. Mwezi wa pili mwaka ule binti mmoja aligundua kwamba malipo ya mazuti, yaani dizeli, kwa kituo fulani yalikuwa yametoka mara mbili. Si yeye aliyekosea. Aliyekosea alikuwa rafiki yake wa meza ya pili, mama wa mtoto mchanga. Binti akapima: nikisema, huyu anakatwa nusu mwaka. Akafunga faili. Mwezi wa nane mkaguzi wa nje akaliona kosa kwa nusu saa. Kituo kilikuwa kimekwisha kubadili mmiliki, na pesa ile, ambayo mwezi wa pili ingerudi kwa simu moja ya heshima, haikurudi. Ingetosha kuvisha lori zima matairi mapya. Binti yule alikuwa mmoja wa wale wawili wenye sababu za kifamilia.

*

Maelezo ya kwanza niliyoyasikia kwenye kolidoo hayakuwa haya. Yalikuwa ya kabila. Lubumbashi ni mji unaobeba kumbukumbu ya 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga kwa maelfu, na tangu hapo, jambo lolote likiharibika mahali pa kazi, kuna mtu atakayekunong'oneza nani ni wa wapi. Nilikwenda kwenye mafaili nikahesabu. Kila idara ilikuwa mchanganyiko, na mchanganyiko wa kontabilite haukuwa tofauti na wa garaje. Nikaiacha njia hiyo. Naitaja tu kwa sababu najua msomaji wa hapa ameshaiuliza kimoyomoyo.

Maelezo ya pili yalikuwa mshahara, na hayo yalijikanusha yenyewe: idara inayokimbiwa ndiyo iliyolipwa vizuri. Sisemi pesa si kitu. Mwenye kusema hivyo hajawahi kungoja mshahara. Nasema tu kwamba hapa pesa haikueleza tofauti.

Lililonifungua macho lilitoka mbali. Katika miaka ya 1990 mtafiti Mmarekani Amy Edmondson, alipokuwa bado anasomea udaktari Harvard, alifuatilia makosa ya kuwapa wagonjwa dawa katika wodi za hospitali. Alitarajia kwamba wodi zenye ushirikiano mzuri zitakuwa na makosa machache. Hesabu zikamgeukia: wodi nzuri ndizo zilizoonekana na makosa mengi. Alipochimba zaidi aliona huenda hazikosei zaidi, zinasema zaidi. Kwingine makosa yalikuwapo, yamefukiwa. Mwaka 1999 akachapisha utafiti wa timu 51 ndani ya kampuni moja ya viwanda, kuonyesha kwamba ujasiri huo wa kusema bila kuogopa kudhalilishwa hauko sawa kampuni nzima. Unatofautiana timu kwa timu, chini ya paa moja, chini ya mkurugenzi mmoja.

Nilipolisoma hilo nililigeuza jedwali langu miguu juu. Nikaona kwamba nilikuwa nimepima kelele nikaiita huzuni, nimepima ukimya nikauita raha. Duane walipiga kelele kwa sababu walijua kelele haiwagharimu. Na kweli, nilipofungua mafaili yao, katika miaka minne alikuwa ameondoka mtu mmoja tu, na huyo aliolewa Ndola.

Watu wa duane walikuwa na bahati moja ambayo wengine hawakuwa nayo: adui wao yuko nje. Kosa lao linatozwa faini na ofisi ya mbele yao, mtandao wanaoulaani si wa kampuni, foleni si ya kampuni. Mtu anayerudi na faini hakuti wenzake wamemkunjia uso, anakuta wamekwisha kuanza kutukana naye. Mkuu wao, kijana mwenye domo refu ambaye DG hakumpenda, alikuwa na tabia moja niliyoiheshimu: faini ikija, yeye ndiye aliyeipeleka juu, kwa jina lake, hata kama si yeye aliyejaza karatasi. Kisha anarudi chini kumfokea mhusika mpaka dirisha linatetemeka. Jioni wanakula michopo, nyama ya kuchoma, pamoja. Sikushauri mtu aige kufoka kule. Nasema kilichofanya kazi: fokafoka ilikuwa na mwisho.

*

Garaje nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko nilikojifunza zaidi na ndiko nilikokosea zaidi.

Fundi mkuu alikuwa mzee wa miaka sitini na ushee. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba wakati wa ukoloni, yeye mwenyewe alikulia kambini, na alipenda kutukumbusha. Kwa wasioijua historia: kampuni ile iliundwa 1906, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 iliamua kuacha kuokota vibarua wa mbali wanaokimbia au kufa, ikaanza kuwashika wafanyakazi kwa muda mrefu pamoja na wake zao, kwa nyumba, mposho, zahanati na shule. Ndipo ulipotoka msemo ambao wazee wa mji bado wanausema: kazi njo baba, njo mama, yaani kazi ndiyo baba, ndiyo mama. Baba yule, yaani kampuni, alikuwa na fimbo pia. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma kudai mishahara, na hapahapa Élisabethville, kama mji ulivyoitwa wakati huo, askari waliwapiga risasi. Mzee alivijua vyote viwili, mposho na risasi, na hakuona ajabu vikikaa katika sentensi moja.

Garaje yake ilikuwa na sufuria moja. Saa sita kazi inasimama, bukari inapikwa palepale, kwa samaki wa tomsoni au sombe, yaani kisamvu, na wote wanakula kwenye sinia moja, fundi na kijana wa kukabidhi spana. Ukutani kulikuwa na ubao mweusi wa chaki. Kila jioni, kabla ya kunawa mikono, kila mtu anaandika kilichomshinda au alichokiharibu siku hiyo. "Nati ya gurudumu la nyuma nilisahau kukaza mara ya pili." "Nimepasua bomba la mafuta." Asubuhi mzee anausoma ubao, anapeleka mtu kutazama, anafuta. Hakuna anayekatwa. Aliyeharibu ndiye anayerekebisha, mwenzake akimshikia taa.

Nilimuuliza kwa nini hawatozi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu.

"RH, mwanangu, dereva yuko juu ya ile gari. Mutu akificha nati, njo anaua mutu. Sasa ntamukata pesa ili afiche?"

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba idara hazikutofautiana kwa tabia za watu tu. Zilitofautiana kwa jinsi kosa linavyojionyesha. Kosa la garaje linajionyesha leo au kesho, barabarani, na linaweza kuua. Kwa hiyo kulificha ni wazimu kila mtu anaouona. Kosa la duane linajionyesha mpakani ndani ya siku mbili, na mtu wa nje ndiye anayelionyesha. Kosa la kontabilite linalala. Linaweza kulala miezi sita, tena lililala. Mahali ambapo kosa lina usingizi mzito, kitu pekee kinachoweza kuliamsha ni mdomo wa aliyeliona. Na mahali hapo hapo, pa pekee katika kampuni nzima, ndipo sisi tuliweka bei juu ya mdomo.

Gallup, wale wa Marekani wanaopima maoni, walidai mwaka 2015 kwamba angalau asilimia 70 ya tofauti ya moyo wa kazi kati ya vikundi inatokana na meneja wa kikundi. Wakubwa wanaipenda namba hiyo kwa sababu inawapa mtu mmoja wa kumlaumu. Mimi ningeimeza yote kama nisingekaa na mkuu wa kontabilite. Mama yule hakuwa mkatili. Ujanani alikuwa mhasibu wa duka, ikapungua pesa ambayo hakuichukua, akailipa mwaka mzima, akilisha wadogo zake watatu kwa kilichobaki. "Mimi nililipa," aliniambia. "Nani alinihurumia? Na ona, sijakosea tena." Aliamini amewapa vijana wake kile kilichomfanya yeye awe yeye. Isitoshe, kila kukatwa kulipitishwa na DG, na kila mwezi kulipita mbele ya kalamu yangu. Tukimwita yeye chanzo, tunamtafutia manka yeye pia.

*

Depo nimeiacha nyuma, kama tulivyoiacha siku zote.

Karatasi 4 zilizorudi kutoka depo zilikuwa za watunza stoo. Wapakizi, waliokuwa wengi kuliko idara nyingine yoyote, hawakupewa karatasi kabisa. Hawakuwa kwenye orodha ya wafanyakazi. Walikuwa majurnalie, vibarua wa siku kwa siku, na orodha yao ilikuwa karatasi nyingine, niliyoitunza mimi.

Sheria ya kazi ya Congo, namba 015/2002 ya Oktoba 16, 2002, inasema waziwazi: kibarua wa siku akishafanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili, akiajiriwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, mkataba huo mpya unahesabiwa kuwa wa kudumu. Ni kifungu kizuri. Kiliandikwa kumlinda mtu. Kwetu kiligeuka kuwa kengele. Mtu akifika siku ya 21 anaambiwa apumzike, anaingia mwingine, na yeye anarudi miezi miwili ikipita. Nilikuwa na safu ya vijistari pembeni mwa karatasi kunionyesha nani amekaribia. Nilijiona hodari.

Sasa tafuta utamaduni wa kazi mahali pa namna hiyo. Nani atamfundisha mwenzake kupanga magunia ya chokaa yasiporomoke, ikiwa mwenzake ndiye atakayechukua nafasi yake wiki ijayo? Nani ataandika kwenye ubao kwamba alipasua gunia? Wapakizi walikula kila mtu peke yake, wamegeukia ukuta. Nilidhani ni haya ya umaskini. Mmoja akanisahihisha: wakikaa kundi, msimamizi anafikiri wanapanga mgomo.

Baba za wengi wao walikuwa watu wa kazi njo baba. Wengine waliondoka Gécamines, mrithi wa Union Minière, katika zoezi la kuondoka kwa hiari la 2003, ambapo zaidi ya watu 10,000 walichukua fungu la mwisho wakarudi nyumbani. Mtoto wa mtu huyo akikuambia ana furaha kazini au hana, anakupimia kwa kitu kimoja tu: kesho nipo, sipo? Swali langu lenye visanduku vitano lingekuwa tusi kwake. Afadhali sikumpelekea.

*

Nilimpelekea DG ripoti ya pili. Ilikuwa na kurasa tatu na maombi matatu. Kwanza, kontabilite waache kukatwa kwa kosa lolote litakalosemwa na mwenyewe au mwenzake. Wizi ubaki wizi. Pili, majina yasisomwe. Tatu, wapakizi wa muda mrefu wapewe mikataba. Nilijiongezea la nne kwa shauku yangu: ubao wa chaki kama wa garaje, utundikwe kontabilite.

La kwanza alilikataa, akalikubali, akalipunguza: kosa lisemwe ndani ya siku mbili tangu ligunduliwe, na kwa majaribio ya miezi sita. La pili lilipita bila maneno. Nadhani yeye mwenyewe hakulijua. La tatu akasema tutaona.

La nne lilikuwa upuuzi wangu. Ubao ulikaa ukutani wiki tano, mweusi, safi, kama jeneza lililosimamishwa. Wiki ya sita mtu akaandika: "Nimesahau kuzima kiyoyozi." Wakacheka, na kicheko kilikuwa cha kejeli. Nilikuwa nimechukua jani nikaacha mzizi. Ubao wa garaje ulishika kwa sababu ya sufuria, kwa sababu ya mzee aliyeandika makosa yake mwenyewe ya kwanza kila jioni, kwa sababu kila mmoja alimjua dereva kwa jina la mtoto wake. Kontabilite hawakuwa na sufuria. Walikuwa na chupa za chai za mtu mmoja mmoja, kila moja imeandikwa jina. Nikaung'oa ubao mwenyewe siku ya Jumamosi.

Kilichosogeza mambo kilikuwa kidogo, na hakikuwa mpango wangu. Mkuu wa kontabilite alituma malipo ya mteja mmoja kwenye akaunti ya mteja mwingine. Aligundua kesho yake. Angeweza kulimaliza kimya. Benki ilikuwa ya jamaa zake. Alikuja mlangoni kwangu akasimama bila kuketi, akauliza ile sheria mpya ya siku mbili inamhusu na yeye au ni ya watoto tu. Nikamwambia inawahusu wote. Akashuka, akawaambia watu wake waziwazi, akiwa amesimama katikati ya meza zao. Aliyenisimulia alisema sauti yake ilikuwa ileile ya kusoma hali ya hewa.

Baada ya hapo makosa yakaanza kufika. Mwezi wa kwanza matatu, mwezi uliofuata saba. DG alinipigia simu usiku.

"RH, umeniharibia kontabilite. Zamani hawakuwa wanakosea."

Nilimjibu kwa faktura ya mazuti. Niliiweka mezani kwake asubuhi, pamoja na orodha ya yale saba: sita yalikuwa yamerekebishwa kabla pesa haijatoka mlangoni. Hakusema nimeshinda. Alisema majaribio yaendelee.

Kijana wa barua alikwenda Kasumbalesa hata hivyo. Nilimwambia mambo yanabadilika juu, akasema amefurahi kusikia, akafunga begi. Yuko kule mpaka leo, na nasikia naye amekuwa na domo.

Jumatatu moja, kwenye mkutano, mkono uliinuka upande ambao haukuwahi kuinuka. Mhasibu mmoja alilalamika kwamba kiyoyozi kinadondosha maji juu ya mafaili, na kwamba amekwisha kusema mara mbili kwa garaje na hakuna aliyepanda. Fundi mkuu akadai hajaambiwa. Wakabishana. Duane wakapiga makofi, wakashangilia kama uwanjani, na DG akaangalia dari.

La tatu, lile la wapakizi, lilipata jibu nusu. Sita walipewa mikataba. Waliobaki walibaki kwenye karatasi ya vijistari, na karatasi ilibaki kwangu mpaka nilipoondoka. Siku yangu ya mwisho, nikiwa getini na sanduku la vitu vyangu, mpakizi mmoja aliacha gunia akanijia, akajifuta chokaa mikononi kabla ya kunisalimia.

"Papa, leo yangu iko ya ngapi?"

Sikuhitaji kuitazama karatasi. Ilikuwa ya 21.